Nilisahihisha Neno Moja, Programu Ikafa

Jumanne asubuhi programu ya simu ilikufa bila kuugua, na mjukuu wangu ndiye aliyeshtakiwa kwa kuiua.

"Bibi, nimeisha," akasema, mikono kichwani.

Nikamwambia kinachoisha ni sabuni. Mtu hufukuzwa.

Hakucheka. Kweli alikuwa karibu kufukuzwa. Siku ile ilikuwa ya mwisho katika miezi yake mitatu ya majaribio kazini, na saa sita mchana wageni kutoka hospitali walitarajiwa kuiona programu hiyo ikimwonyesha mgonjwa, kwa ramani, duka la dawa lililo wazi karibu naye.

Yeye hufanyia kazi mezani kwangu, pale pale ninapokula chakula. Mkuu wake huja kwa njia ya skrini. Wafanyakazi humwita Chapchap, kwa kuwa hutaka kila jambo chapchap, isipokuwa kuomba radhi.

"Jana ilikuwa inajengeka vizuri," Chapchap aliunguruma. "Leo mistari myekundu ya makosa kutoka juu hadi chini. Nani ameigusa?"

"Rekodi ya mabadiliko ina jina la dada hapo," akadakia mwenzao aitwaye Miwani, kwa furaha ya mtu ambaye jina lake halikutajwa.

"Bosi, haki ya Mungu, nilibadilisha maneno ya vitufe tu!"

"Maneno ya vitufe hayaui programu. Ikifika saa nne hujaniambia ulichokifanya, usijisumbue kesho."

Mimi nilikuwa jikoni, nikisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Nilikuwa na sababu.

Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minane. Jumatatu alasiri mjukuu wangu aliniomba niyapitie maneno ya vitufe, kisha akaenda kuoga. Nilimaliza vitufe kabla hajafungua maji. Pembeni palikuwa na faili jingine, orodha ya matoleo. Nikalifungua. Halikuwa limefungwa kwa kufuli.

Programu, kumbe, haiandikwi yote na mtu mmoja. Vijana hawa huazima vipande vilivyoandikwa na wengine: cha ramani, cha picha, cha ujumbe. Kila kipande kina toleo lake, kama kitabu kilivyo na toleo la pili na la tatu. Namba za matoleo huwekwa katika orodha moja, kila moja na jina lake, na sehemu nyingine zote za programu huitazama orodha hiyo wakati wa kujengwa, yaani kuunganishwa kuwa programu moja.

Utaratibu mzuri kabisa. Aliyeyaandika yale majina ndiye aliyenitia homa.

Toleo_ya_ramani. Toleo_ya_picha. Toleo_ya_ujumbe.

Toleo YA! Mara kumi na nne, bila haya.

Nikasahihisha yote kumi na manne. Toleo_la_ramani, toleo_la_picha, toleo_la_ujumbe. Nikahifadhi, nikaondoka kifua mbele, kama mtu aliyeliokoa taifa. Mjukuu wangu alitoka bafuni, akaituma kazi yote kazini kwao bila kuikagua, kwa kuwa aliniamini.

Hilo ndilo lililoniuma.

Nikafuta mikono, nikaketi mbele ya skrini.

"Shikamoo, mama," Chapchap akashtuka.

"Marahaba. Aliyeigusa ni mimi."

"Umefanya nini, mama?"

"Nimesahihisha. 'Toleo' ni neno la ngeli ya LI-YA. Haisemwi 'toleo ya', husemwa 'toleo la'. Sasa sehemu zenu nyingine bado zinamtafuta 'ya', na 'ya' hayupo."



"Mama," Chapchap akasema taratibu, "kompyuta haijali ngeli."

"Nimeona. Imewaiga wenyewe."

Miwani aliangua kicheko, kisha akazima kipaza sauti chake haraka.

"Dada, rudisha hiyo 'ya' chapchap, tuendelee. Habari yako tutaizungumza baadaye."

Lakini mjukuu wangu hakurudisha kitu. Alikuwa akihesabu mistari kwa kidole.

"Ngojeni. Majina yaliyobadilishwa ni kumi na manne. Yanayolalamika ni kumi na matatu. Ramani hailalamiki."

"Si afadhali?" akauliza Miwani.

"Afadhali wapi? Maana yake ramani haiitazami orodha kabisa! Kuna mtu ameiandikia namba yake pembeni."

Akalifungua faili la ramani. Namba ilikuwemo, imeandikwa kwa mkono: toleo la kale. Miezi mingi wagonjwa walikuwa wakilalamika kwamba ramani inaganda na kuwapeleka kwenye maduka yaliyofungwa. Miezi mingi wataalamu hawa walikuwa wakipandisha namba ya ramani katika orodha, kisha wakishangaa kwa nini hakuna kinachobadilika.

"Nani huyo?" Chapchap akafoka. "Miwani, soma rekodi!"

Miwani akasoma. Furaha ikamtoka.

"Bosi... ni wewe. Umeandika na maelezo: 'Ya muda tu, nitarekebisha kesho.' Mwaka jana."

Chapchap akakohoa kikohozi kirefu sana, cha mtu anayetafuta mlango.

Mjukuu wangu akaiunganisha ramani na orodha, akaandika 'la' kila mahali, akajenga upya. Saa sita wageni waliona ramani ikiteleza kama maji. Hakuna aliyewaambia kilichotokea.

Saa kumi ikaja barua ya kumthibitisha kazini. Aliisoma kwa sauti mara mbili, akilia na kucheka. Ilikuwa na makosa matatu ya upatanisho wa kisarufi. Niliyaona yote.

Nikameza mate, nikamkumbatia.

Kwa hiyo, wasomaji, sikilizeni. Ukisahihisha kazi ya mtu, mwambie kabla hajaituma, hasa pale unapojua kwamba wewe ndiye uliye sahihi. Nawe unayeandika "ya muda tu", weka na jina lako kwa herufi kubwa, utupunguzie kazi ya kukutafuta.