Nyumba ya Kuonyesha Wageni

Mtu akinisifia vivutio vya upande wetu, damu hunichemka. Maporomoko ya Thika ni mazuri, sikatai. Lakini huku kwetu Ruiru tulitengenezewa kivutio kingine, na kilitengenezwa kwa kutuibia.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipopigana na Mau Mau. Tulipewa asubuhi moja tu kuhamia kijiji kipya, kile kilichozungushiwa handaki, kisha nyumba zetu zikatiwa moto. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Mama mkwe wangu, niliyemwita Maitu, alibeba alichoweza. Jiwe lake la kusagia wimbi, alilorithi kwa mamake, lilikuwa zito mno, akaliacha. Alipopata ruhusa ya kulirudia, halikuwepo.

Nilipojifungua nilipewa uji wa unga wa mahindi wa dukani, na maziwa yangu yakawa haba. Kwetu mzazi hunywa uji wa wimbi. Maitu alisononeka sana, akawa ananiomba msamaha kila akinipa kikombe.

Tulikuwa tukichuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Mkewe akajenga nyumba ya mviringo ya nyasi kando ya barabara, ili wageni wanaotoka Nairobi kutazama maporomoko wasimame waone Wakikuyu waliishije. Waliishije! Majivu yetu hayajapoa, na sisi tayari ni watu wa zamani. Memsahibu alitaka mwanamke wa kukaa ndani akisaga. Nyapara, mtu wetu wa ukoo kabisa, akamchagua Maitu, nami nikamfuata na mtoto mgongoni. Akaambiwa avue kitambaa cha kichwa na gauni, avae ngozi. Yeye, mama wa kanisa aliyekuwa haachi ibada hata mvua ikinyesha! Alivaa, kwa sababu kukataa kazi ya shamba kulikuwa kukaribisha balaa.

Alipopiga magoti ndani ya ile nyumba, alipitisha kiganja kwenye jiwe, pale lilipolika katikati, akajua. Wageni walikuwa wamejaa mlangoni. Akamwambia nyapara taratibu, kwa Kikuyu:

"Mwambie mama huyo jiwe hili ni langu. Mke wa mwanangu aliyejifungua ndiye huyo amesimama hapo, na hajaonja uji wa wimbi. Anirudishie, na wageni wake nitawasagia kwa jiwe lingine."

Nyapara akavua kofia, akamgeukia memsahibu. Kiingereza changu cha shule ya misheni kilinitosha kusikia: alisema mama anashukuru sana kwa kazi aliyopewa. Memsahibu akatabasamu, akampigapiga Maitu begani, na wageni wakapiga picha. Kumkosoa nyapara miaka ile kulikuwa kujitafutia kambi ya kizuizini.

Jioni, tukikimbizana na saa ya kafyu, Maitu aliniuliza yule memsahibu alijibu nini. Nikamwambia hakujibu, kwa kuwa hakuulizwa.