Mlango wa Kijani Uliokuwa Wazi Siku Zote

Wakili wetu wa haki za binadamu, mwenye ofisi Ruiru juu ya duka la chakula cha kuku, ameniambia nisitaje majina ya watu. Sawa. Nitataja vyeo. Waliotuchoma ni mwenye kiwanda, meneja wake, na supavaiza aliyetembea na ufunguo wa mlango wa nyuma kiunoni kama beji ya kanisa. Sisi washonaji tungeiba mashati, si ndiyo? Kwa hivyo siku moto uliposhika pale Thika, mashati yalilindwa vizuri sana. Mimi nilitokea dirishani, mkono wa kushoto ukaiva. Mama aliyeshona kando yangu miaka sita hakutoka.

Kortini wakasema mlango ule ulikuwa umerudishwa tu, haukuwa na kufuli. Eti tulishikwa na woga tukasahau kuusukuma. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, lakini kusukuma mlango nilifundishwa nyumbani.

Wakili akatuambia Katiba inatupa haki ya kufanya kazi mahali salama, na jaji atakuja kujionea mwenyewe.

"Lakini wenye kiwanda wamepewa notisi, mama."

Kumbe haki ni mgeni mstaarabu, hupiga simu kabla ya kuja.

Tulipoingia kiwandani hadi kwenye mlango ule wa nyuma, kufuli haikuwepo. Mlango ulikuwa wazi, umepakwa rangi ya kijani ambayo haijakauka. Supavaiza alikuwa na tai.

"Mheshimiwa, huwa hivi siku zote. Hata kuku anaingia."

Jaji akaniuliza kama nina neno. Wakili akanitazama kama mtu anayeona maziwa yakifurika jikoni.

"Mheshimiwa, wamesema ulikuwa umerudishwa. Basi aurudishe, halafu aufungue."

Supavaiza akacheka, akaubamiza. Huko nje komeo la chuma likajiangukia, kwa! Upande wa ndani hakuna kishikio. Hakijawahi kuwepo. Walitoa kufuli, wakapaka rangi, na katika wakubwa wote wale hakuna aliyewahi kuutumia akiwa ndani.

Akasukuma. Akatia bega.

"Wee soja! Fungua!"

Soja wa kulinda huko nje alikuwa ameenda chai.

Meneja akasema, "Mheshimiwa, ni hitilafu ndogo tu. Tutokeeni mbele."

"Siku ile mbele kulikuwa na nini?" jaji akauliza.

"Moto," nikasema mimi.

"Basi hakuna anayetokea mbele. Endelea, bwana."

Supavaiza akaendelea, rangi ya kijani hadi kwenye viwiko, tai imeenda kisogoni. Jasho lilimtoka, na hapo hapakuwa hata na moshi. Mwishowe akaacha kusukuma, akaanza kupiga kwa viganja vyote viwili, pa, pa, pa.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumcheka. Yakakauka.

Jaji akafungua daftari. "Yule mama alikuwa amesimama wapi?"

"Hapo alipo huyu," nikasema. "Na alikuwa akipiga hivyo hivyo."

Akaandika.