Waithira na Jina la Boti

Mke wangu Waithira alitutoka mwaka jana, wakati wa kupalilia viazi. Waliokuja kumzika walisifu bidii yake, kanisa lake, ng'ombe wake. Ni kweli yote. Mimi nitasema habari ya boti, kwa sababu hapo ndipo nilipomjua, na tulikuwa tumekaa pamoja miaka mingi tayari.

Alikuwa mfupi, na hakuwa mtu wa maneno. Akikasirika alifagia. Akifurahi pia alifagia. Ilibidi uutazame ufagio unavyokwenda ndipo ujue.

Kwao ni Ruring'u. Baba yake alifia kizuizini. Ndugu zake wawili waliingia msituni kupigana na mkoloni wakati wa Hali ya Hatari na hawakurudi, na hakuna aliyekuwa ameoa. Alibaki yeye na mama yake, Warigia.

Kwetu majina yana mpango wake. Msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya mume. Wa pili, la mama ya mke. Mtoto akipewa jina lako, umezaliwa mara ya pili, na siku ukiwa chini ya udongo jina bado linaitwa na linaitikiwa. Sisi Mungu alitupa wavulana wanne. Wa kwanza ni Nderitu, jina la baba yangu. Kisha tukapata msichana, Watiri, jina la mama yangu. Baada ya Watiri daktari wa Nyeri alimwambia Waithira asizae tena, kwamba mwingine atamuua. Huo ulikuwa mwaka wa uhuru. Jina la Warigia likakosa mtu. Ndugu zake wangekuwa hai wangelibeba kwa mabinti zao. Hawakuwa hai.

Waithira hakulia mbele yangu. Alifagia.

Tulipata shamba upande wa Endarasha, kwenye ardhi ya mzungu aliyerudi kwao. Katikati ya ardhi hiyo kulikuwa na bwawa refu. Sisi na majirani zetu tulikuwa upande mmoja. Barabara, duka, shule na lori la maziwa vilikuwa upande wa pili. Ukizunguka kwa miguu na mkebe wa maziwa, matope yale, unafika lori limeshaondoka.

Mzungu aliacha boti yake ya kuvulia samaki. Watu walikuwa wanaitumia kuwekea ng'ombe chumvi. Mimi nilikuwa fundi wa mbao. Niliwaomba wenzangu wakanipa. Nikatoa mbao zilizooza, nikatia za mtarakwa, nikaziba na lami. Ikaelea. Kila asubuhi nikawa navusha maziwa na watu, na mara moja kitanda cha bibi harusi na mwenyewe akiwa amekikalia.

Siku moja akaja bwana wa serikali, wa mambo ya samaki. Hakuwa mbaya. Alisema boti inayobeba watu sharti iwe na jina, na jina liandikwe mahali mtu akisimama ukingoni analiona. Jioni tukila nikamwambia Waithira.

"Iite Warigia," alisema. Alilitoa haraka, kama neno lililokaa mdomoni siku nyingi.

"Mama yako?"

"Mama yangu."

"Mama Nderitu, mimi ndiye nakaa ndani ya hiyo boti. Nakanyaga na buti. Nataka kumkalia mama mkwe?"

"Ni mbao tu."

"Kama ni mbao tu, jina yake unaitakia nini?"

Aliinuka akachukua ufagio, na chakula kilikuwa bado kwenye sahani.

Mtu asione nilikuwa mkaidi. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuchezea. Kiti chake hukikalii. Nyumba anayolala hulali. Ukikutana naye njiani unampisha na unatazama chini. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka yote hiyo na sikuwa nimemtazama Warigia usoni vizuri.

Nikachagua Kifaru. Boti ilikuwa nzito, na vifaru tuliwajua, walikuwa wakitoka msituni na kutukanyagia viazi.

Fundi wa kuandika alikuwa Rashid wa Majengo, mjini Nyeri. Maduka mengi ya mjini alikuwa ameyaandika yeye, na milango ya malori. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, mama yake wa Othaya, kwa hivyo alijua kutukana kwa pande zote mbili. Siku aliyokuja na mikebe yake ya rangi, mimi nilikuwa na mkutano wa wanachama wa ushirika wetu wa maziwa.

"Andika Kifaru," nikamwambia.

"Kifaru, mzee wangu. Atatoka mpaka na pembe."

Nikaenda. Niliporudi Rashid alikuwa ameshaondoka, na upande wa kulia wa boti kulikuwa na maandishi meupe juu ya bluu. Yalikuwa mazuri. Mimi sijui kusoma. Kwangu herufi ni kama nyayo za kuku. Waithira pia hakusoma. Nilikuta manyoya nje ya jikoni. Alikuwa amempa Rashid jogoo amchinje mwenyewe kwa dini yake, ili ale bila wasiwasi. Nikaona ni ukarimu.

Kesho yake nilivuka na maziwa. Upande wa pili alisimama Kihara. Kihara ni rika yangu, tulitahiriwa pamoja. Alikuwa amewapikia wazungu, akajifunza kusoma kwenye mikebe yao ya chakula.

"Rika," akaita, "mama mkwe ameamkaje leo?"

"Ameamka vizuri." Sikujua ameamkaje. Lakini mtu akikuuliza salamu unajibu.

"Halalamiki mgongo?"

"Kwa nini alalamike?"

"Ati kwa nini! Na hiyo makalio yako!"

Wanaume waliokuwa wakingoja lori walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Nilidhani Kihara amelewa. Siku iliyofuata akasema, "Pole pole na hiyo kasia, rika, huyo ni mtu mzee." Wanawake walifunika midomo na leso. Siku ya tatu hakusema kitu, alivua kofia tu akainamia boti.

Wamae, mwenyekiti wetu, ndiye aliyenihurumia. Alisubiri wengine waende kwenye lori. Mimi nilikuwa bado nimesimama ndani ya boti.

"Kahiga, haya maandishi unajua yanasema nini?"

"Kifaru."

"Si Kifaru. Ni Warigia."

Niliruka. Sikuangalia ninarukia wapi, nikaingia majini mpaka kifuani, na buti zangu. Nilitokea kwenye matope nikazunguka bwawa lote kwa miguu, nguo zikinidondoka maji. Boti niliiacha palepale.

Waithira alikuwa akikamua.

"Ulimwambia Rashid nini?"

"Nilimwambia umebadilisha."

"Sijabadilisha."

"Nilijua hautabadilisha." Hakuacha kukamua. "Baba Nderitu, watu wakisimama ng'ambo asubuhi wanaita boti. Wanaita kwa sauti, hata mimi nasikia nikiwa hapa. Wakiita Kifaru, wamemwita nani? Kifaru ako na watoto wake huko msituni."

"Na mimi? Wanaume wananicheka."

"Wataacha. Mama nikienda kumwona ananiuliza, hivi, kama mzaha: Waithira, hata kuku hakuna moja iko na jina yangu? Halafu anacheka." Aliinua ndoo. "Mimi sichekangi."

Nilikwenda kwenye kibanda changu nikachukua randa. Nilitaka kulitoa jina siku hiyo hiyo. Nikazunguka tena mpaka kwenye boti, nikaivuta ukingoni, nikainama. Hapo nikakwama. Kumkalia mama mkwe ni kosa. Kumkwangua kwa chuma je? Nilikaa na randa mkononi mpaka Wamae akanikuta.

"Peleka mbuzi kwake," akasema. "Umemkosea bila kujua. Na jina ni lake, si lako wala la mke wako. Aseme mwenyewe."

Nilimwambia Waithira.

"Na akisema lifutwe?" aliuliza.

"Litafutwa."

Alitazama mikono yake. Nilimwona ameogopa, na Waithira sikuwa nimemwona akiogopa, hata wakati wa askari.

"Basi twende," akasema.

Tulipanda basi la Nyeri, mbuzi juu ya paa. Kutoka mjini tulitembea. Waithira alishika kamba ya mbuzi njia yote. Mimi nilikuwa natayarisha maneno, na kila nikiyatayarisha yanaishia kwenye makalio.

Nyumba ya Warigia ilikuwa chumba kimoja cha mbao na jiko pembeni. Waithira aliingia jikoni. Mimi nilibaki nje, karibu na ukuta, nikitazama mbuzi. Mbao za jiko zilikuwa na nafasi, moshi ulipita, na sauti pia. Lakini heshima ni heshima. Warigia alizungumza na binti yake, si na mimi.

Waithira alimweleza yote. Hakujificha. Alisema jogoo, alisema Rashid, alisema alinidanganya. Kisha nikasikia kuni ikivunjwa kwa nguvu. Nikadhani Warigia amekasirika.

"Muulize mkwe wangu," sauti ikasema, "hiyo kitu inavuja?"

"Mama anauliza kama inavuja," Waithira akanipigia kelele, ijapokuwa nilikuwa hatua mbili.

"Haivuji. Mwambie niliiziba mwenyewe."

"Amesema haivuji."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize inabeba nini."

"Maziwa," nikasema. "Na watu. Watoto wa shule. Kitanda mara moja."

"Kuna mtu ameshaanguka ndani ya maji?"

Waithira akasema, "Ni yeye peke yake. Alipoambiwa ni wewe."

Warigia alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Waithira akampa maji. Mimi nilitazama mbuzi. Warigia alipopumua akasema, sasa polepole:

"Mwambie hivi. Kama angekuwa na msichana wa jina yangu, angemweka kwa magoti, si ndio? Msichana angemkojolea hapo kwa magoti. Nani angeleta mbuzi?"

Niliangalia buti zangu.

"Asiikanyage na buti, basi. Akanyage na miguu yake. Na wale wengine pia wavue. Mbuzi abaki, nimempenda."

"Na jina, Mama?" Waithira aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jina iko pande zote?"

"Iko upande mmoja."

"Na mtu akisimama ule upande mwingine anaona nini?"

"Anaona mbao," nikajibu mwenyewe. Nilisahau heshima.

"Mbao," Warigia akasema. "Nimezaa watoto watatu, nionekane mbao?"

Ndani ya jiko nikasikia kitu kikianza kukwaruza sakafu. Waithira alikuwa amepata ufagio wa mama yake.

Rashid alikuja tena wiki hiyo. Kwanza hakutaka kushuka mpaka ukingoni. "Mzee, mimi nilifuata maneno ya mama, usinirushie hiyo kasia," akasema. Nikamwambia aandike upande wa pili, na aandike lile lile. Akanitazama, akamtazama Waithira. "Safari hii nasubiri nisikie kutoka kwa wote wawili," akasema. Tukasema wote wawili.

Warigia tulimleta kwa lori la maziwa, amekaa mbele na dereva. Majirani walikuwa pande zote mbili za bwawa. Kihara alikuwa amevua viatu vyake na kuvishika mkononi, na hakuwa hata anavuka. Mimi nilisimama nyuma ya watu, panaponipasa.

Rashid alikuwa anamaliza herufi ya mwisho. Warigia alisogea karibu na fimbo yake. Alikuwa ameinama sana, mdogo kuliko nilivyodhani.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Kuanzia hapa mpaka hapa."

"Yote?"

"Yote."

Alinyoosha kidole akakipitisha juu yake, mwanzo mpaka mwisho. Rangi ilikuwa mbichi. Rashid alitoa sauti, akanyanyua brashi.

"Imeharibika, mama. Nitaitengeneza."

"Wacha hivyo," Waithira akamwambia.

Ng'ambo mtu aliita. Alikuwa na mkebe wa maziwa na alitaka kuvushwa, hakujua mambo ya upande huu. Aliweka mikono mdomoni akaita "Warigiaaa", kama watu walivyokuwa wakiita boti siku hizo. Waithira ndiye aliyeitikia. Kisha akaja na kitambaa cha mafuta ya taa kumfuta mama yake kidole. Mama yake aliuficha mkono ndani ya shuka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hata haijakauka."