Maziwa Niliyomwaga Barazani

Mimi si mtu wa kukaa. Hata haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, na mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Nilipokuwa kijana, nyumbani kwetu kwenye miteremko ya Meru, mama alikuwa akinitania kwamba nilizaliwa nikitembea, mkunga akawa ananifuata nyuma. Baba hakucheka. Alikuwa mkulima wa kahawa na Mlutheri asiyekosa ibada, na aliamini kwamba mtu hupanda mbuni, husubiri miaka, na katika kusubiri huko ndiko anakokomaa. Mimi nikiitazama ile mibuni nilisikia mwili unawasha.

Vita vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko bomani, na mji wa Arusha ulikuwa ukikua mbele ya macho yetu. Nilishajaribu kuuza vitunguu vya Nduruma, nikaacha. Nilishajaribu kupeleka ndizi kwa vibarua wa mashamba ya walowezi upande wa Momela, nikaacha nako. Safari hii niliapa sitaacha. Nilitaka hoteli ya chai karibu na soko, na niliitaka jana. Baba alimuuza dume wake mkubwa wa ng'ombe ili nipate pa kuanzia.

Nikapata chumba chenye baraza. Bwana Afya wa serikali akaja akazitazama kuta, akaamuru zipakwe chokaa, ndipo nikapewa leseni. Nikaweka mabenchi manne na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Wateja walikuwa madereva wa malori, makarani wawili watatu, na tarishi mmoja wa boma, mtu wa pwani, kaptula yake imenyooshwa pasi, ambaye kila asubuhi alikunywa chai kwangu kabla ya kuanza kusambaza barua. Ulimi wa tarishi huyo haukuwa na likizo.

Maziwa aliniletea mama mmoja Mwarusha, kutoka magharibi ng'ambo ya Elerai. Umri wake ulikuwa wa mama yangu. Alifika jua likichomoza, vibuyu viwili mgongoni: kimoja changu, cha pili cha wateja wake wengine mjini. Kama ilivyo desturi, vibuyu vyake alivisafisha kwa moto. Kijinga cha mzeituni wa porini huingizwa ndani, husuguliwa huku na huku, kisha majivu hupanguswa. Moshi ule huyalinda maziwa yasiharibike njiani, na huyaachia harufu yake na vichembe vyeusi vya mkaa. Mama yangu naye alifanya vivyo hivyo. Nimekulia kwenye moshi huo.

Tarishi hakukulia humo. "Bwana mkubwa," alisema siku moja, "chai hii umeipika jikoni au kwenye tanuri la mkaa?"

Baraza zima likacheka. Nikacheka nao, tena kwa sauti kubwa kuwashinda, na rohoni nikaona haya. Niliona haya kwa ajili ya kibuyu, kwa ajili ya mama yangu, kwa ajili ya nyumba niliyotoka. Tangu siku hiyo, nikiona kichembe cha mkaa kinaelea kwenye ndoo yangu ya maziwa, nilisikia kinanicheka. Nikaanza kumpokea yule mama bila salamu.

Kisha ikaja asubuhi maziwa yalipokatika. Nilikuwa nimeyabandika jikoni, nageuka kuchukua majani ya chai, narudi nakuta mabonge yanaelea kwenye maji ya kijani. Baraza limejaa, watu wanagonga vikombe. Yule mama alikuwa amekaa ukingoni akipumzisha miguu kabla ya kwenda kwa wateja wengine. Nikatoka na moto wangu.

"Mama, umeniletea uchafu! Vibuyu vyako vinanuka, maziwa yamekatika. Unataka Bwana Afya anifungie?"

Akasimama. "Ya asubuhi hii," alisema. "Nimekamua mwenyewe."

Sikungoja. Nilikinyakua kibuyu cha pili, nikakiinamisha ukingoni mwa baraza, nikamwaga mpaka tone la mwisho. Kwao, na hata kwetu, maziwa hayamwagwi chini mbele ya mwenyewe. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Hakuna aliyecheka. Tarishi aliinamia kikombe chake. Mama akaokota kibuyu, akakifunika kifuniko chake taratibu, akaniambia neno moja tu: "Layoni." Hivyo ndivyo wanavyomwita mvulana ambaye hajatahiriwa, na mimi nilikuwa na ndevu.

Hakurudi. Wanawake wenzake wa upande ule nao wakawa wanapita mbele ya hoteli yangu bila kugeuza shingo. Sikujali, au nilijisemea kwamba sijali. Nikapata mtu wa baiskeli aliyeleta maziwa kwenye kopo linalong'aa, hayana moshi, hayana vichembe. Siku ya tatu nayo yakakatika. Nikamrukia vilevile. Yeye alifungua kopo, akanywa maziwa yaliyobaki mbele yangu mpaka akayamaliza, akajifuta mdomo.

"Mimi nimekunywa," alisema. "Kaitazame ndoo yako."

Akapanda baiskeli yake, akaenda, asirudi tena.

Nikaingia ndani na ile ndoo ya bati. Kila siku niliisuuza kwa maji baridi, mara moja, chap chap, kwa sababu nilikuwa na mambo kumi ya kufanya. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa chini. Kikatoka na utando wa njano, mzito, wa maziwa ya siku nyingi. Harufu yake ilinipiga puani nikakaa chini, mimi nisiyekaa. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelipaka la kwangu chokaa.

Niliichemshia maji ndoo ile, nikaisugua kwa majivu na mchanga. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini sasa sikuwa na maziwa kabisa, na chai ya rangi madereva waliweza kuinywa popote. Mabenchi yakaanza kuwa matupu. Nilizunguka soko asubuhi na jioni, nikimwona dume wa baba kila kona.

Jumapili nikatoka kwenda kwa yule mama. Njiani nilichuma majani mabichi nikayashika mkononi, kama afanyavyo anayekwenda kuomba amani kwa watu wa upande ule. Nilimkuta akisafisha zizi la ndama.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa lugha yao, kama mtu anavyomsalimu mama.

"Iko," akaitikia, akaendelea na kazi yake. Akaniacha nimesimama mpaka zizi likaisha. Miguu ilinichoma. Mara mbili nilitaka kuyaweka majani chini niondoke.

Alipomaliza nikamwambia yote: ndoo, mshono, utando. Alisikiliza huku akinawa mikono.

"Ulionja," aliuliza, "kabla ya kumwaga?"

"Sikuonja."

"Majani yako nimeyaona, kijana. Lakini hapa hukumwaga kitu. Ulimwaga kule, watu wanatazama. Basi useme kule."

"Yeyo, pale anakunywa tarishi wa boma. Akisikia ndoo yangu ndiyo iliyokuwa chafu, Bwana Afya atajua kabla ya saa sita. Leseni itakwenda."

"Na jina langu lilikwenda wapi?" alisema. "Watu wangu wote wa mjini wanasema maziwa yangu ni uchafu. Hao nao nitawachumia majani?"

Nilirudi mjini mbio mbio huku nikitunga hila. Nitasema ndoo niliuziwa mbovu. Nitasema nusu. Nitafunga hoteli nihamie Moshi nikauze nguo. Hila hii ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha, kwa kuwa niliifahamu vizuri. Vitunguu niliviacha siku mteja mmoja alipotaka kufungua gunia aone vya chini. Ndizi niliziacha nyapara alipouliza kwa nini mikungu yangu ni myepesi. Watu waliniita mtu wa haraka, mwenye mbio za biashara, na mimi nilifurahia sifa hiyo. Kumbe nilikuwa natoroka tu. Niliogopa kukutwa palepale kesho yake.

Asubuhi ya Jumatatu yule mama akaja kusikia, kibuyu kimoja mgongoni. Hakupanda barazani. Alisimama pale pale nilipomwagia. Tarishi alikuwapo, na madereva wawili, na karani mmoja.

Nikasema. Nilisema vibaya, maneno yakigongana, lakini niliyasema yote: maziwa ya mama huyu yalikuwa mazima, ndoo yangu ndiyo ilikuwa chafu, nilimtukana bila hata kuonja.

Tarishi akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikinywa ukoko wa ndoo?"

"Umekuwa ukinywa."

Dereva mmoja akainuka akaenda zake. Tarishi akabaki ananitazama, na sikuweza kujua atakwenda kusema nini bomani.

Ndipo mama akapanda barazani. "Lete ndoo," alisema.

Nikaileta. Aliingiza uso wote ndani, akapitisha kidole kwenye mshono, akakinusa.

"Kaoshe tena."

Nilikuwa nimeiosha mara mbili asubuhi ile, kwa maji ya moto. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, nikaufunga. Nikachota majivu, nikachuchumaa mbele ya wateja wangu, nikaanza kusugua. Naye akakaa kwenye benchi kunisubiri, kibuyu kikiwa mapajani, bado hajakifungua.