Lydia wa Dirishani

Ushirika ulipojenga kinu cha mpunga kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ngao, ilitangazwa kwamba karani atatoka hapahapa, mradi ajue kusoma na kuandika. Lydia Buya, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, hakujua. Alichokijua ni kulima, na kufua nguo za watu Malindi, kazi aliyoifanya miaka tisa. Mafuriko yalipozoa shamba lake mara ya pili, mwajiri wake wa zamani alimtumia habari kwamba beseni lake bado lipo.

"Basi likae lipo," alisema Lydia, akaenda kujiandikisha katika darasa la watu wazima.

Tatizo lilikuwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa Jasper, mume wa binti yake Valentine, na kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwewe wala hamtazami usoni. Siku ya kwanza Jasper alipomwona mlangoni aliangusha chaki, akajibanza nyuma ya ubao mpaka mama alipoondoka.

Waliafikiana kupitia kwa Dahabo, mke wa mwenye duka, ambaye naye alikuwa mwanafunzi. Lydia angesomea nje, dirishani, leso imemfunika mpaka kwenye nyusi, macho yasipande juu ya ukingo wa dirisha. Dahabo, akiwa ndani, angenakili yaliyo ubaoni katika daftari lililowekwa juu ya ukingo huo, na Lydia angesoma papo hapo.

"Dahabo, muulize mama, sita mara tatu ni ngapi," Jasper angesema.

"Mwambie mwalimu ni kumi na nane," Lydia angejibu. "Na umwambie apunguze mwendo. Anafundisha kama anayefukuzwa na kiboko."

Mambo yalikwenda hivyo miezi minane, na hakuna aliyefikiria jambo moja: daftari lilikuwa limeelekea kwa Dahabo. Lydia, aliyekuwa upande wa pili, alijifunza kila herufi ikiwa kichwa chini, miguu juu, na vivyo hivyo akaiandika.

Hilo lilijulikana siku ya usaili. Elvis Godhana, meneja wa kinu, aliwapa waombaji watatu kadi ya mkulima, yenye jina na idadi ya magunia yake, waisome. Wawili wa kwanza, vijana waliomaliza kidato cha nne, waliisoma vizuri. Lydia aliipokea, akaipindua, akaisoma bila kukwama.

"Mama, umeipindua kadi," alisema Elvis.

"Wewe ndiye uliyenipa imepinduka, mwanangu."

Watu walicheka. Elvis, naye akicheka, aliinamia karatasi yake akaandika neno moja.

"Umeandika hapana," alisema Lydia kutoka ng'ambo ya meza. "Wino haujakauka, nami nimeshalisoma. Kabla hujanirudisha Malindi, niweke kwanza pale dirishani."

Dirisha la kinu, ambako mpunga ulipokelewa, lilikuwa na shida yake. Katika majuma ya majaribio kadi mbili zilipotea, na tangu hapo hakuna mkulima aliyekubali kuiachia kadi yake. Kila mmoja aliishika kwa nje, ikimwelekea yeye, na aliyekaa ndani akalazimika kupinda shingo ili aisome. Asubuhi hiyo vijana wale wawili walijaribiwa kwanza.

"Lete kadi, mzee."

"Utaisomea mkononi mwangu," alijibu Bishar, mfugaji aliyeanza kulima mpunga. Walivutana mpaka pembe ya kadi ikakatika.

Zamu ya Lydia ilipofika, Bishar aliikaza kwa mikono miwili. Lydia hakunyoosha hata kidole.

"Bishar. Magunia saba. Nyuma yako naona manane. Hilo moja ni la nani?"

Bishar aligeuka kulitazama gunia. "La shemeji yangu."

"Aje na kadi yake. Anayefuata."

Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imekwisha, na Elvis alikuwa amelikata neno lake kwa mistari miwili.

Juma lililofuata Jasper alileta mpunga wake. Alipotambua aliye ndani, aligeuka, akaja kinyumenyume mpaka dirishani, kadi ameishika nyuma ya mgongo. Dahabo alikuwa wa pili kwenye foleni.

"Dahabo, mwambie mwalimu kadi yake inasema matano," alisema Lydia, macho yakiwa kwenye ukingo wa dirisha. "Magunia aliyoleta ni manne."

"Mwalimu, mama anasema umekosea kuhesabu."

"Mwambie mama nitahesabu upya," alisema Jasper akiitazama barabara.

"Mwambie ahesabu polepole," alisema Lydia. "Leo hakuna kiboko."