Ile Sehemu Ndogo ya Mbele ya Diski

Nakumbuka vizuri zaidi asubuhi moja ya mvua hapa Nyamira, mwanangu, kuliko ninavyokumbuka siku niliyonunua gari langu la kwanza. Sikuwa nimefika miaka thelathini, na tayari duka la kutengeneza kompyuta lilikuwa langu, jina langu ukutani kwa rangi nyekundu. Mimi, niliyeachia shule darasa la saba! Wenye vyeti walikuja kuniuliza. Sijisifu, nasema tu ilivyokuwa.

Akaingia Mwalimu Nyabuto, mstaafu kutoka Magwagwa, kompyuta yake ameifunga kwa nailoni. Ilikuwa ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta usio Windows.

"Imejaa," akasema. "Nitafutie nafasi. Lakini angalia, ndani kuna sauti za wazee watatu wakieleza mpaka wa shamba letu unapopita. Wote tumeshawazika. Kesi ni mwezi ujao."

Nikaichungulia diski. Mbele kabisa kulikuwa na sehemu ndogo, imetengwa peke yake, haina vitu vingi. Unatujua sisi Wakisii na ardhi: kipande kikikaa bure, mkono unawasha. Nikaifuta, nikaiunganisha na ile kubwa. Kuwasha, giza tupu. Kumbe ile ndogo ndiyo ilibeba vitu vya kuiamsha mashine.

Nikaenda kwa Kerubo, mwenye duka la jirani, nikajifanya kuna rafiki ameniuliza. Akacheka.

"Rafiki gani? Umefuta ya kuwashia wewe! Tulia, fundi mkuu. Sauti ziko salama kwenye ile kubwa. Tengeneza ndogo upya, urudishie faili zake. Ila usifomati, utafuta kila kitu, nakuomba."

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini kile kicheko kiliniingia kama mwiba. Mtu aliyefungua duka juzi anifundishe mimi? Nikarudi, nikafomati, nikaweka Linux mpya juu ya diski nzima, ili mwenyewe akija aikute inawaka, asijue nilikosea. Na iliwaka vizuri sana. Sauti hata moja haikuwamo.

Mwalimu alikuja, akatafuta muda mrefu. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga.

"Onchong'a," akasema, "ungeniambia imekushinda, ningeipeleka kwingine."

Kesi alishindwa. Leo michai ya jirani yake aliyeshinda imefika ukingoni mwa kaburi la baba yake. Mimi hupita pale na gari langu zuri, nikipandisha kioo.

Basi, mwanangu, kitu usichojua kazi yake usikifute, hata kiwe kidogo namna gani. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujafanya kosa la pili la kuficha la kwanza. Mficha uchi hazai. Kosa langu la kwanza lilikuwa na dawa, na dawa niliambiwa bure, mchana, na mtu aliyenitakia mema. La pili halikuwa nayo.

Mungu akupe mikono inayojua kazi, na akupe kinywa chepesi cha kusema "hapa nimeshindwa." Hicho mimi alininyima, au alinipa nikakifunga mwenyewe.