Sauti ya Mama Emile Darasani

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Theodosia Nkunzimana anaweka redio kaseti juu ya meza, na wanafunzi sitini wa darasa la saba wananyamaza kabla hajawaambia. Kidole chake kiko kwenye kitufe, macho yake mlangoni. Leo habonyezi.

Ni mwaka 1997, katika kambi moja ya wakimbizi wa Burundi wilayani Kibondo. Vitabu vya historia hakuna, na vingekuwepo, ananiambia, visingefika kwenye yaliyowaleta hapa. Kwa hiyo huzunguka kwenye vibanda vya udongo akirekodi watu wazima, kisha huwasikilizisha watoto. "Mtoto akisikia mtu anavuta pumzi kabla ya kujibu, hasahau," anasema.

Wiki iliyopita aliwapigia kaseti ya mjane akisimulia jinsi majirani wa kilima chake, kama Warundi wanavyokiita kijiji, walivyomchomea nyumba. Alimwahidi kwamba jina lake halitatajwa, na kweli halikutajwa. Lakini sentensi ya kwanza haijaisha, msichana mmoja, Aline, akadakia kwa furaha: "Ni Mama Emile, wa rozari!"

Mama Emile huongoza rozari kila jioni. Wengi kambini wanaijua sauti yake kuliko sura yake.

"Na mimi nasali naye," anasema Theodosia, ameshika kichwa. "Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nimemtia hatarini."

Jioni hiyohiyo wanaume watatu walibisha hodi kwa mjane, wakitaka kujua ni majirani gani hao. Baadhi ya watu wa kilima hicho wanaishi humuhumu kambini. Tangu siku hiyo rozari inaongozwa na mtu mwingine.

Mlango unasukumwa. Ni Mama Emile, kitenge kimefunika mdomo.

"Mwarimu, nipe sauti yangu."

Theodosia anamkabidhi kaseti kwa mikono miwili. Nakala nyingine hakuna. Aline ameinamisha uso.

"Emile hakujua habari ya nyumba," anasema mama huyo. "Nilitaka aisikie kwangu, siyo kwa watoto wenzake." Anaondoka.

Ninamuuliza Theodosia kama atarekodi tena. Anatia kaseti tupu.

"Safari hii naanza na mimi. Tumetoka kilima kimoja na Mama Emile. Moto ule niliuona, na waliouwasha nawajua. Wenye maswali waje kwangu."

Namweleza kwamba gazetini majina ya mama na watoto tutayabadilisha, na lake pia tunaweza.

"Langu liacheni," anasema, na kubonyeza kitufe.